Anayetoka Mbali Anasoma DEO

Bona mwanangu,

Umekwenda Nyamirambo kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia urudi kabla hujala ukashiba mara mbili. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa mezani na kalamu jua likiwa bado lipo. Kalamu yenyewe ni nyembamba mno, mkono wangu umezoea brashi bapa, basi usinicheke mwandiko. Mimi niliyeandika mabasi ya Nyabugogo miaka yote hii, leo naandika barua kama mtoto wa darasa la pili.

Mambo ya sweta, ya dawa, na ya kutomwachia mtu usiyemjua simu yako mpakani, sitayarudia. Nimeyasema wiki nzima na wewe umeitikia "ndiyo mama" wiki nzima, na wote wawili tulijua kuna kitu tunakikwepa. Jumapili uliniuliza swali moja, mimi nikakujibu kwa maharage na soksi. Kesho asubuhi unapanda basi la Dar es Salaam, na uliniambia kabla ya kupanda lazima ujue. Jibu limo humu. Nitalifikia taratibu, kwa sababu nataka uone limetoka wapi.

Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichokulia kule Buyenzi, Bujumbura. Kinyarwanda nakisema sokoni na kanisani, lakini jambo likinigusa linanijia kwa Kiswahili. Huko Dar watakucheka unavyosema "iko" kila mahali. Waache wacheke, utakizoea. Mimi nilipofika Kigali walinicheka kwa Kirundi changu, na leo hao hao ndio wananiletea vibao niwaandikie.

Turudi Jumapili. Nilikuwa nachambua mchele, ukaja na kompyuta yako umeibeba kama sinia la chai.

"Mama, ngwino urebe, njoo uone. Iko kitu nataka kukuonyesha."

Nilijua ni ile fonti. Miaka miwili umezunguka mjini ukipiga picha kila kibao nilichowahi kuandika, mpaka vile vya Masaka vilivyopauka hata mimi nimevisahau, ili uzichore herufi zangu zote kwenye kompyuta, toka A mpaka Z, mtu yeyote aweze kuziandika kwa kubonyeza tu. Nilikuwa naona fahari, sikukwambia. Q na X uliniomba nikuchoree upya, maana kwa miaka yote hakuna konda aliyezihitaji. Na kwa herufi hizo hizo ofisi ya Dar imekuchukua ukachore maneno ya mabango na ya mifuko ya bidhaa.

Ukaandika jina refu ili nione. Herufi za mwanzo zikakaa pana, zimejaa, zimetulia. Halafu katikati ya jina zikaanza kubanana, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho ikawa imesimama kiubavu. Ukafuta, ukaandika jina jingine, zikabanana vile vile. Ukaniangalia ukitabasamu, ukingoja.

Nikakwambia, "Toa hiyo."

"Mama, lakini hiyo ndiyo..."

"Nimesema toa. Watu watacheka."

Nikaifunga kompyuta kwa mkono wenye vumbi la mchele. Na wewe hukupandisha sauti. Ulisema, "Nikiitoa, fonti inabakia nene kama zile zingine zote. Haina mutu ndani. Lakini iko mkono wako, mama, siyo wangu. Ukisema nitoe, nitatoa mbele ya kufika Dar. Uniambie tu." Kisha ukaenda kukoga.

Nilikasirika, Bona, na hasira yenyewe ilikuwa aibu. Nilijua umezitoa wapi herufi zile zilizobanana. Hakuna basi wala duka lililoandikwa hivyo. Umezitoa kwenye msalaba wa kaburi la baba yako.

Sasa nikueleze kazi hii nilivyofundishwa, maana vipande vyake unavijua lakini hujawahi kuvisikia kwa mfululizo. Pale Buyenzi palikuwa na fundi wa kutoka Kigoma, Mzee Shomari, aliyekuwa akiandika malori na majahazi ya ziwani. Nilienda kwake kuosha brashi. Wasichana hawakuwa wakifanya kazi ile, lakini yeye alisema brashi haiulizi. Kwa muda mrefu hakuniruhusu kugusa herufi. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya uzi uliopakwa chaki, yeye anaushika upande wa pili, anauvuta na kuuachia, tap, mstari umenyooka ubaoni. Mistari miwili, ya juu na ya chini. Kisha anahesabu herufi za neno, anatafuta ya katikati, na hiyo ndiyo anayoiandika kwanza. Anakwenda kulia, anarudi kushoto. Hivyo neno haliwezi kuuzidi ubao. Aliyeanza na herufi ya kwanza alimwita mlevi, hata kama hajaonja kitu.

La pili alilonifundisha ni kwamba herufi nene haichorwi kwa kuangalia unene wake. Unaangalia matundu. Lile tumbo la O, vile vyumba viwili vya B, pembe tatu iliyo ndani ya A. Ukinenepesha bila kuangalia tumbo, herufi inaziba, na ukiwa ng'ambo ya barabara huoni B, unaona doa. Ndiyo maana kila alipomaliza alivuka barabara akageuka kutazama. Nimekuwa nikivuka barabara hivyo maisha yangu yote. Pale Nyabugogo nusura gari linigonge mara kadhaa nikirudi nyuma kinyumenyume kutazama jina la basi, na baba yako ndiye aliyenivuta mkono mara ya kwanza. Alikuwa fundi magari, ametoka chini ya basi, uso umejaa grisi. Akasema, "Weye dada, unatafuta kufa sababu ya herufi?" Ndivyo tulivyojuana.

Kosa langu kubwa la kazi lilikuja baadaye, nilipoanza kupata jina. Zahanati moja iliniita niwaandikie ukutani maelekezo kwa wagonjwa: panga foleni, leta kadi, mtoto mwenye homa apite kwanza, na mengine mengi. Mimi nilikuwa najulikana kwa herufi nene, basi nikayaandika yote kwa herufi nene, toka dari mpaka sakafu. Siku mbili kazi, nikajisifu. Nilipopita baadaye nikakuta akina mama wamekaa chini ya ukuta ule ule wakimwuliza mlinzi wafanye nini. Hakuna aliyesoma hata mstari. Mlinzi akaniambia, "Mama, hii ukuta inatupigia kelele, haisemi kitu." Nilirudi nikapaka rangi nyeupe juu yake, nikayaandika upya kwa herufi za kawaida, nikaacha moja tu kubwa na nene: HOMA. Tangu hapo mtoto mwenye homa hakukosa njia.

Hilo nakuachia kwa kazi yako. Herufi hizi ni za neno moja, mawili, matatu ukizidi. Jina la basi. Jina la duka. Bei, kama mtu anataka bei yake isikike. Mteja akikuletea maelezo marefu akitaka yote yawe nene, usigombane naye, mwonyeshe akiwa mbali. Mpeleke ng'ambo ya barabara ajionee.

Na wewe umekwisha kosea lako, kwa hiyo hatudaiani. Unakumbuka magunia ya unga ya kile kiwanda cha Masoro? Wino ulienea kwenye nyuzi za gunia, matumbo yote yakaziba, A ikawa mlima na E ikawa ukuta. Ulirudi umenuna, hukula. Kesho yake nikakukuta umekata vijipengo kwenye kona za ndani za kila herufi, nikakuuliza kama panya wamezitafuna. Ukasema pengo ni la kuupa wino mahali pa kwenda, ukienea ujaze pale na si tumboni. Nilicheka, lakini usiku ule nilijua umenipita. Mzee Shomari hakulijua hilo. Mimi pia nisingelifikiria.

Haya, sasa baba yako.

Ulikuwa mdogo kifua kilipomchukua, unakumbuka vipande tu. Watu wote walimwita Deo. Gereji nzima, mabasi yote, mpaka padri. Sanduku lake la spana nililiandika mimi, DEO, pana, jekundu, kingo nyeusi. Ovaroli yake mgongoni, DEO. Kila rangi ilipochakaa nilirudia. Kwa miaka tuliyoishi pamoja nadhani sikuandika neno lolote mara nyingi kuliko hilo, na kwa saizi ile ile.

Siku ya kumzika waliniletea msalaba wa mbao uwani, niuandike. Bibi yako alitaka jina lote la ubatizo, Deogratias, na alikuwa na haki, ndiye aliyempa. Watu walikuwa wameshaanza kupanda magari. Sikuvuta uzi. Sikuhesabu herufi. Mkono ukashika brashi ukaandika D, E, O, kama ulivyozoea, kwa saizi ya sanduku la spana. Nilipoinua kichwa nikaona zaidi ya nusu ya mkono wa msalaba umekwisha, na bado herufi saba.

Hapakuwa na ubao mwingine wala muda. Nikazibana. G nikaibana kidogo, R zaidi, na S ya mwisho ilisimama ukingoni kabisa, rangi ikamwagikia upande. Bibi yako akaja akatazama, akapiga kelele mbele ya wote:

"Yewe wee! Mwana yangu umemwandika kama bisi ya Nyabugogo? Na jina halitoshi!"

Mafundi wa gereji wakaunyanyua msalaba wakaupeleka hivyo hivyo, mmoja akanigusa bega, "Pole, Mama Bona, sisi tulimujua kama Deo." Nikaenda mazikoni nikiwa na rangi nyeusi vidoleni, na nilichokuwa nawaza si kifo. Nilikuwa nawaza kwamba mimi, fundi wa herufi, nimeshindwa kumwandika mume wangu. Mtu mwingine yeyote ningemwandika sawa.

Kila mwaka kabla ya siku yake nimekuwa nikienda kuikoleza rangi, na kila mwaka nilijiahidi kuleta ubao mpya, uliopimwa. Sikuleta. Wewe ulikuwa unanishikia kopo. Sikujua kwamba ulikuwa unatazama kiasi kile.

Basi baada ya maneno yetu ya Jumapili niliamua kumaliza jambo hili. Jumatatu nilinunua ubao. Nilivuta uzi, ncha moja nimeifunga kwenye msumari wa dirisha kwa kuwa sikutaka kukuita. Nikahesabu, nikaanzia katikati, R na A, nikaenda kulia nikarudi kushoto. Bona, ulitoka safi. Sijawahi kuandika ubao safi kama ule. Jumatano wewe ukiwa mjini nikaufunga kwa kitenge nikachukua moto, pikipiki ya abiria. Kijana wa moto akaniuliza, "Mama, unapeleka mulango wapi?" Nikamwambia napeleka kwa mume wangu. Akasema, "Mungwana iko na bahati."

Kule makaburini niliuegemeza ubao mpya juu ya ule wa zamani, ukafunika jina. Kisha nikarudi nyuma mpaka njiani, pale watu wanapopita, nikageuka kutazama kama nilivyofundishwa.

Nikasoma DEOGRATIAS. Herufi zote sawa, zimenyooka, hakuna ya kulaumu. Nilisimama pale nikasoma tena, na sikumjua mtu huyo. Lilikuwa jina la mtu wa ofisini. Lingeweza kuwa la duka la vifaa vya ujenzi.

Nikaenda nikauondoa, nikarudi mahali pale pale. Na kutoka njiani, mwanangu, unasoma DEO. Ni hilo tu. Zile nyingine kutoka mbali hazionekani vizuri, ni mstari mweusi. Unaona DEO kama vile ilivyokuwa mgongoni mwake akiwa ameinama kwenye injini, na mimi natoka sokoni, namtafuta kwa macho kati ya mafundi wote. Lazima ukaribie, ukaribie mpaka kaburini, ndipo unaona kuna mengine pembeni, yamebanana kama watu waliosogeana kwenye benchi ili mmoja zaidi apate kukaa. Jina la ubatizo lipo lote. Ni la aliyekuja karibu. Anayetoka mbali anasoma DEO.

Miaka yote hii sikuwahi kulitazama kutoka njiani. Kila neno nililoandika nilivuka barabara kulitazama, isipokuwa hilo. Siku ile nilikuwa na aibu, na miaka iliyofuata nilifika pale nimeinamisha kichwa mpaka niwe mbele yake na brashi. Wewe ndiye uliyelitazama kutoka mbali, ukiwa umeshika kopo. Nilikaa chini nikalia mpaka nikachoka. Kisha nikafungua rangi nikaikoleza ile ya zamani, kama ilivyo, na ile S nayo, na pale ilipomwagikia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usizitoe. Ziende nawe Dar. Watu wazitumie kwenye mabango yao na mifuko yao ya sabuni, na majina yao marefu yabanane mwishoni, wala hawatajua kwa nini yanapendeza. Na aibu yangu ya Jumapili nisamehe. Ulikuja na kitu kizuri, nikakufungia kompyuta usoni.

Lakini sahihisho moja nakupa kama fundi, na hilo lazima ulitii. Herufi zako za mwisho umezikondesha. Nimezitazama Alhamisi ulipoiacha kompyuta wazi, ndiyo, nilichungulia. Ile S yako mstari wake umekuwa mwembamba. Mimi zangu sikuzikondesha. Nenda kaangalie picha zako. Nilipunguza tumbo, nikazisogeza pamoja, lakini unene wa mstari ni ule ule toka D mpaka S. Ukikosa nafasi usikubali kupungua mahali panapokubeba. Punguza hewa tu, basi. Hata ukiwa kwenye kile chumba cha Dar mtakamokaa vijana wanne, hilo litakufaa, ila hapo nimeanza kuhubiri, naacha.

Ubao mpya nimempa jirani yetu Mama Keza, maana anataka kuandikiwa MAZIWA. Nimepaka nyeupe juu, kesho kutwa nitavuta uzi na kuanzia katikati. Nitamwita mtoto gani anishikie ncha ya pili sijui. Nyumba itakuwa kubwa, Bona. Nasema tu ilivyo, usije ukateremka mpakani Rusumo ukarudi.

Kitu cha mwisho kipo barazani, umekipita bila shaka ulipoingia. Sanduku lako la kijani nimelifuta vumbi nikaliandika jina. Sikuvuta uzi wala sikuhesabu. Nilianza na herufi ya kwanza, kwa saizi ambayo mkono ulitaka wenyewe, na ilipofika nusu ya sanduku nikaona nimekwisha andika BONA, na herufi saba zimebaki. Nikazibana zote zikaingia. BONAVENTURE lipo lote, ukikaribia.

Rangi bado mbichi upande wa kulia, ulishike kushoto. Kesho pale Nyabugogo mbebaji akilinyanyua begani na kuingia katikati ya watu, msiwe na haraka, mwambie aligeuze jina lielekee kwangu. Mimi nitakuwa nimerudi nyuma, ng'ambo ya barabara.

Mama yako